Kuhusu yule samaki uliyeniuliza

Mwanaidi mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi mzima. Barua yako nimeipata, na picha ya samaki-simba mwekundu nimeitazama kwa muda mrefu. Ni mzuri kweli, sibishi. Umeniuliza kama sumu yake inaua, na nionavyo ukimfuga kwenye tangi lako jipya.

Sumu kwanza. Ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 2 kwenye mapezi ya tumboni, na 3 kwenye pezi la chini karibu na mkia. Yale mapezi mapana ya ubavuni, yanayotisha kama mabawa, hayana sumu. Hakufuati akakuchoma, mtu huchomwa akimshika au akimkanyaga. Maumivu yake ni makali mno, na wengine hutapika au hupumua kwa shida, ila vifo ni nadra sana. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu joto huivunja sumu hiyo. Kisha uende hospitali, usikae nyumbani ukingoja ipoe.

Lakini dada, wewe unaogopa miiba, mimi naogopa tumbo lake. Niliwahi kusimama mbele ya kioo nikamwona akiwinda. Hakukimbia hata kidogo. Alitandaza mapezi yale mapana, akamsogeza kidagaa pembeni polepole, akampulizia maji usoni. Kidagaa akageuka kuyakabili maji, kichwa mbele, na papo hapo hakuwepo tena. Sikuona hata mdomo ukifunguka.

Kwao, huko Pasifiki na mashariki mwa Bahari ya Hindi, ni samaki kama wengine, ana nafasi yake. Balaa lilianza alipofikishwa Atlantiki, ambako hakuwa na asili. Mwaka 1985 alionekana Dania, Florida. Wataalamu wengi wanaamini walitupwa baharini na watu waliokuwa wakiwafuga. Kwa miaka mingi hakusikika sana, halafu akaenea pwani ya mashariki ya Marekani, Bahamas, Karibi nzima, Ghuba ya Meksiko, mpaka Brazili. Jike mmoja huweza kutaga mayai milioni 2 kwa mwaka, na mayai hayo huchukuliwa na mikondo. Samaki wadogo wa huko hawamjui, kwa hiyo hawamkimbii. Huko Bahamas watafiti walilinganisha miamba midogo yenye samaki-simba na isiyo naye. Baada ya wiki 5 tu, ongezeko la samaki wachanga kwenye ile yenye yeye lilikuwa pungufu kwa asilimia 79. Nilipoisoma namba hiyo niliirudia mara mbili. Na miongoni mwa wanaoliwa wamo samaki wala-mwani; wakipungua, mwani huyafunika matumbawe.

Sasa wazamiaji huko huwachoma kwa mikuki, hata mashindano hufanywa, na nyama yake huliwa, maana sumu iko kwenye miiba tu. Inasaidia pale mzamiaji anapofika. Ila samaki huyu anaishi hata kwenye kina cha mita 300, na huko nani atamfuata na mkuki?

Simlaumu samaki, Mwanaidi. Anakula kama alivyoumbwa. Nakasirishwa na mkono uliomimina ndoo baharini, labda kwa huruma, ukidhani unamwachia huru.

Kwa hiyo mfuge ukitaka, lakini niahidi kwa maandishi, katika barua yako ijayo, kwamba akikushinda utamrudisha kwa aliyekuuzia au utampa mfugaji mwingine anayemjua. Baharini kamwe. Na uniambie tangi lina ukubwa gani, kwa maana anaweza kupita sentimita 40, na ukimweka na wale samaki wako wadogo wa bluu, hutawakuta asubuhi.

Akupendaye,
Rehema