Fundi bunduki anaeanza, grenda iache dukani kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba safari hii barua yangu msiikate, maana ile ya bei ya mbaazi mlikata mkabakisha salamu na jina.

Kuna kijana wa Nachingwea aliuliza kwenye ukurasa huu huu wa barua, kasema kasoma ufundi vyuma na anataka ajifunze ufundi bunduki, sasa aanze kununua vifaa gani. Swali zuri sana na la adabu. Waliomjibu ndo wakanichosha. Mmoja kamwambia anunue grenda, mwingine drili ya umeme na mashine ya kuchomelea, wa tatu kamwambia bila mtaji wa mamilioni asijaribu kabisa abaki na madirisha na mageti. Nikajua hapa hakuna hata mmoja aliewahi kuifungua shotigani akairudisha ikafanya kazi.

Mimi niko Masasi, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, nimeanza kwa kufagia karakana ya mzee mmoja mwenye leseni yake mpaka akaniamini kushika bisibisi. Nimepokea bunduki nyingi zimeharibika na nikikaa nikahesabu moyoni zilizoharibiwa na kutu ni chache, zilizoharibiwa na porini ni chache zaidi, nyingi zimeharibiwa mezani na mtu aliejiita fundi.

Kabla ya vifaa kuna neno moja nalisema haraka. Ufundi huu hauanzi kwa kununua kitu, unaanza polisi. Kuna sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi, ndo ilichukua nafasi ya ile ya 1991, kwahiyo kijana tafuta fundi mwenye kibali ukae chini yake, usifungue kibanda nyuma ya nyumba. Mimi silaha siipokei mpaka mwenyewe aje nayo na leseni yake mkononi, namba nalinganisha, naandika kwenye daftari. Ukiniletea gobore ambalo babu alilificha kwenye dari nakuelekeza kituoni. Na ukinambia nifupishe mtutu chai utakunywa alafu utaondoka nayo vilevile ilivyokuja. Basi, hapo nimemaliza.

Sasa vifaa. Kijana, nunua bisibisi. Tena usinunue moja, nunua hata kumi za bei ya kawaida, zile za sloti bapa, alafu uzichonge. Ntaeleza kwanini maana hapa ndo penyewe.

Bisibisi ya dukani ncha yake imekaa kama kabari, mwisho nyembamba na kadri inavopanda inanenepa. Ukiiweka kwenye mfereji wa skrubu inagusa kingo za juu tu, chini kuna uwazi, ukizungusha kwa nguvu inapanda inatoka nje na ikitoka inaondoka na kingo za skrubu. Kwenye bawaba ya mlango hakuna atakaeona. Kwenye bunduki, hasa zile za zamani za Kiingereza za mitutu miwili, mfereji wa skrubu ni mwembamba kama umekatwa na wembe, ukiumumunya mara moja basi aibu yako inakaa hapo miaka yote. Bisibisi ya bunduki inatakiwa ncha yake iwe na kuta zilizonyooka, haijachongoka, ikiingia inajaza mfereji mpaka chini, na upana wake ulingane na kichwa cha skrubu, ikizidi inakwangua chuma cha pembeni, ikipungua inakula katikati.

Nilijifunza vibaya hilo. Mzee wangu kasafiri, kaja mzee mmoja kutoka Newala na mitutu miwili yake, nguruwe pori wanamalizia mihogo na bunduki inagoma kufunguka vizuri. Mi kijana, nataka sifa, nikamwambia mzee kaa hapo dakika kumi tu. Nikachukua bisibisi ya baiskeli. Skrubu ya kwanza ikakubali, ya pili ngumu, nikaegemea kwa kifua, ikateleza ile bisibisi ikapita juu ya ubavu wa bunduki palipochorwa majani na ndege, mstari mweupe wa urefu wa kidole. Nikanyamaza. Yule mzee akasogea akaitazama sana, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Naona umesaini, mwanangu." Hakusema kingine. Afadhali angenipiga.

Mzee wangu aliporudi hakufoka na yeye, alinikalisha kwenye jiwe la kunolea la kuzungusha kwa mkono nikachonga bisibisi siku mbili. Na kuna ufundi wake. Unachonga kidogo unachovya maji, unachonga unachovya, maana chuma kikipata moto kinabadilika rangi, kikifika bluu ugumu wake umeshaondoka, bisibisi hio itapinda kama kijiko cha bati. Ndo maana nawaambia hao wa grenda watulie, grenda inafika hapo kwenye bluu kabla hujapepesa jicho. Ukimaliza unaipitisha kidogo kwenye jiwe la kunolea la mafuta, unaijaribisha kwenye skrubu bila kuzungusha, ikisimama yenyewe haichezi basi hio ni ya skrubu ile. Mimi ninazo kama thelathini, nyingine nilichonga kwa skrubu moja tu ya bunduki moja tu ambayo hata sijaiona tena.

Na skrubu ikigoma usiwe na haraka ya kuonesha misuli. Tia mafuta ya kulegeza kutu, ilale hapo mpaka kesho, asubuhi weka bisibisi yake sawasawa ugonge kichwa cha bisibisi na nyundo ndogo mara kadhaa taratibu, yani unaiamsha tu. Ikikataa bado, gusisha kile chuma cha kulehemu kilichopata moto juu ya kichwa cha skrubu, kikae, kipoe, alafu jaribu tena. Nimewahi kukaa na skrubu moja siku nne. Mteja alinuna ila skrubu ilitoka nzima.

Baada ya bisibisi ni panchi za kutolea pini. Mafundi wengi wa huku wanatolea pini kwa msumari wa nchi nne, nimewaona kwa macho yangu, na kichwa cha pini kinafunuka kama uyoga alafu hakitoki tena wala hakirudi. Nunua za chuma za milimita 2, 3, 4 na ukipata ya 1.5 ni bahati. Ziwe za aina mbili, fupi nene za kuanzia, kwa sababu pini inataka kushtuliwa tu ikubali, alafu zile ndefu zilizonyooka za kuisindikiza mpaka itoke upande wa pili. Ukianza na ile ndefu nyembamba inapinda au inakatika. Kuna pini nyingine ni kibati kimekunjwa kama sigara, zile zina panchi zake zenye kichunusi katikati, usizilazimishe na za kawaida. Ongeza na panchi ya shaba maana shaba ni laini inaumia yenyewe, haiachi alama, hio ndo ya kusogezea saiti, ile ya kulengea. Nyundo mbili zinatosha, ndogo ya chuma na moja ya shaba au ya nailoni. Chini ya bunduki weka kipande cha mninga ulichotoboa matundu, pini ipate pa kudondokea.

Vaisi, ile ya kubania kitu mezani. Hapa kweli toa pesa, ya nchi nne inatosha ila iwe nzito na imefungwa kwenye meza isiyotikisika. Meno ya vaisi na bunduki havionani hata siku moja, kwahiyo weka ngozi, mimi nimekata ngozi ya viatu vya zamani nikagundisha kwenye vibao viwili. Na mtutu usiubane kama unakamua nazi, mtutu wa shotigani kuta zake nyembamba, ukibonyea umebonyea.

Tupa nazo, ila hapa nina maneno. Kati ya vijana wote waliopita mikononi mwangu aliekuwa na mkono mzuri wa tupa alikuwa mtoto wa mchongaji wa vinyago, baba yake anachonga mpingo. VETA hajawahi kukanyaga. Alikuja anajua kitu ambacho wengine nawafundisha mwaka mzima na hawakishiki, kwamba tupa inakata ikienda mbele tu, kurudi unainua, usiiburute, na kwamba kuna muda wa kuacha. Mpingo ukizidisha haurudi, na chuma kadhalika. Nunua tupa bapa laini moja ya nchi nane, na seti ya zile ndogo ndogo kama sindano, tafuta yenye upande mmoja usio na meno ili ukisugua kona usile ukuta wa pembeni. Zipake chaki kabla ya kazi, unga wa chuma haugandi kwenye meno, na uwe na brashi ya waya ya kuzisafishia. Mpini lazima, nimeona mkia wa tupa umeingia kwenye kiganja cha mtu sitaki kukumbuka.

Cha tano ni venia, kile kipimo cha kupimia milimita. Wengi wanaona ni urembo. Ngoja niwaambie, shotigani nyingi huku ni ile namba 12, na hio 12 maana yake ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa vidonge 12 vya duara vilivyo sawa, kimoja kinaenea kwenye mtutu, ni kama milimita 18.5. Sasa namba 12 zote mtutu ni uleule ila urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, haulingani. Za zamani kuna za milimita 65, nyingi ni 70, na kuna za 76. Risasi ya 76 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya 70 na bunduki inafunga, kwa sababu ule urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka, kabla ya kupigwa limekunjwa ni fupi. Ukipiga, mdomo wa ganda unakosa pa kufungukia na presha inapanda, na aliebeba bunduki shavu lake liko hapohapo. Kwahiyo ikija bunduki nasoma kilichoandikwa kwenye mtutu na bado napima, maana kuna watu wamepita kabla yangu. Nikipata 65 namwandikia mwenyewe kwenye karatasi kwa herufi kubwa abandike anapofungia silaha yake.

Vingine nitavitaja kwa kukimbia. Fimbo ya kusafishia na brashi ya shaba, tochi ndogo ya kuchungulia mtutu, miwani ya kukinga macho, sinia la bati la kuwekea vipande, na simu yako upige picha kila hatua. Risasi za bandia za kujaribia, na hapa sitanii, risasi za kweli hazikai chumba kimoja na meza ya kazi, na bunduki ikiingia mlangoni unaifungua unaangalia chemba kwa macho na unaingiza kidole, hata kama aliekuletea ni shehe. Mafuta laini ya kutosha. Wa Mtwara mjini na Mikindani mnajua, chumvi ya bahari inaila bunduki hata ikiwa imelala kabatini, bunduki ya Shangani ya Mtwara nikiipokea naijua kabla sijaambiwa imetoka wapi.

Mfuko wa nailoni mkubwa unaoonesha ndani pia ni kifaa. Kijana wangu mmoja alifungua kufuli ya bunduki, yani ule mtambo wa kufyatulia, akiwa mlangoni ili apate upepo, springi ikaruka, ikapita juu ya kichwa chake ikaenda kwenye uwanja wa mchanga. Tulichekecha mchanga kwa chekeche la unga la mama watoto kuanzia saa nane mpaka magharibi, majirani wanauliza mmepoteza dhahabu? Tuliipata kwenye kinyesi cha kuku. Toka siku hio vitu vya springi tunafungulia ndani ya mfuko, mikono imo humo, hata jasho likutoke.

Nimeacha kwa makusudi mawe laini ya kung'arishia sehemu za triga. Kuna watu watamwambia kijana anunue ili alainishe triga za wateja. Asinunue. Lile jino linaloshika nyundo ya ndani ukilipunguza hata unywele, bunduki inaweza kufyatuka ikidondoka au ikigongwa kwenye mti, na waliokuwa mbele yake hawatakuwa na la kusema. Hio kazi aisubiri miaka, na akiifanya mara ya kwanza mzee wake awe amesimama nyuma ya bega.

Basi kijana wa Nachingwea, hivo vyote vinaingia kwenye sanduku moja la mbao, sio karakana ya mamilioni, na unaweza kununua kimoja kimoja kila msimu wa korosho kama nilivofanya mimi. Umeme ukikatika kazi inaendelea.

Yule mzee wa Newala alishafariki. Bunduki sasa ni ya mwanae, leseni ina jina lake, anailetaga kila mwaka kabla mihogo haijakomaa. Juzi kaja nayo tena, hata hajasalimia kaigeuza ubavu kanionesha ule mstari, kasema marehemu alikuwa anawaonesha wageni. Nikacheka kidogo nikaipokea. Skrubu ya kushoto imelegea, ninayo bisibisi yake, ntaanza nayo kesho asubuhi.

Msomaji wako,
Fundi wa Masasi