Utayari wa mgombea haupimwi kwa mavazi wala kwa idadi ya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaozuka kila mara mwanamke anapotajwa kuwania urais au umakamu wa rais, yaani kama kweli yuko tayari. Sina ugomvi na swali lenyewe. Ugomvi wangu ni na namna tunavyolijibu, kwa kuwa mara nyingi tunatazama sauti, mavazi na familia, kisha tunadai kwamba tumepima uwezo.

Wapo wanaoona kuwa kumhoji mwanamke kuhusu utayari wake ni ubaguzi. Sikubaliani nao. Umakamu wa rais si cheo cha kukata utepe. Rais Bingu wa Mutharika alipofariki Aprili 2012, makamu wake, Joyce Banda, ndiye aliyeapishwa kuiongoza Malawi, ingawa alikwishafukuzwa katika chama tawala. John Magufuli alifariki Machi 17, 2021, na siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan akala kiapo cha urais wa Tanzania. Mpiga kura anayejua kwamba mambo hayo hutokea ana haki ya kuuliza.

Ila tutazame kinachoulizwa. Samia alikuwa amekaa katika umakamu kwa zaidi ya miaka mitano, na kabla ya hapo alikuwa waziri Zanzibar, waziri katika Serikali ya Muungano, na makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba la 2014. Pamoja na hayo yote, siku chache baada ya kuapishwa ilimbidi awajibu hadharani waliotilia shaka kwamba mwanamke ataweza. Mwanamume mwenye historia hiyo angeulizwa atafanya nini. Kosa hilo lina upande wa pili pia. Lawama nzito alizotupiwa baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 zinahusu wapinzani waliozuiwa kugombea na damu iliyomwagika, mambo ambayo rais yeyote lazima ayajibu. Anayezigeuza kuwa ushahidi kwamba wanawake hawafai kuongoza anazipunguzia uzito.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Marekani mwaka 2008, kwa sababu humo hoja za haki na za kibaguzi zilichanganyika hata ikawa vigumu kuzitenganisha. Mwishoni mwa Agosti, John McCain, mgombea urais wa chama cha Republican mwenye umri wa miaka 72, alimteua Sarah Palin kuwa mgombea mwenza, naye alikuwa gavana wa Alaska kwa muda usiofika miaka miwili. Mtangazaji Katie Couric alipomuuliza husoma magazeti gani, hakutaja hata moja. Swali hilo lilikuwa la haki, tena jepesi, na waliolalamika kwamba ameonewa kwa kuwa ni mwanamke walimshusha hadhi kuliko aliyemhoji, maana walichokuwa wakiomba ni kwamba asiulizwe anachokijua. Lakini katika kampeni hizohizo watu walijadili kama mama wa watoto watano, mmoja wao akiwa mchanga wa miezi michache, ataimudu kazi, ilhali sikumbuki Barack Obama, baba wa mabinti wawili wadogo, akiulizwa nani atawalea. Ilipofichuka kwamba chama cha Palin kilitumia takriban dola 150,000 kwa mavazi na urembo, nguo zikazungumzwa kwa siku kadhaa. Mwishowe takriban asilimia 60 ya wapiga kura waliohojiwa walipotoka vituoni walisema hana sifa za kuwa rais iwapo ingelazimu. Mimi naona walihukumu sawa, hata kama baadhi yao walifika hapo kwa njia mbovu.

Nitaambiwa kwamba wanaume nao huhojiwa, na ni kweli. Dan Quayle, mgombea mwenza wa George H. W. Bush huko Marekani, alidhihakiwa sana mwaka 1988 kwa uchanga wake katika siasa (na bado alichaguliwa). Hata hivyo udhaifu wake ulibaki kuwa wa Quayle. Hakuna aliyehitimisha kwamba wanaume wasubiri kwanza. Geraldine Ferraro, aliyekuwa mgombea mwenza mwaka 1984 baada ya kuchaguliwa mara tatu kuwa mbunge, aliulizwa kwenye televisheni kama ana uthabiti wa kubonyeza kitufe cha silaha za nyuklia. Sijui ni jibu gani lingemridhisha muulizaji.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Uchaguzi ukikaribia, waandishi wako watueleze kwa kila mgombea, mwanamke na mwanamume, ofisi alizoziongoza, fedha za umma zilizopita mikononi mwake na hesabu zake zilikaguliwaje, miswada aliyoitetea au kuipinga, na alifanya nini siku mambo yalipomharibikia. Swali la nani atabaki na watoto likiulizwa, liulizwe kwa wote au lifutwe. Mimi ningependa lifutwe, kwa kuwa nafasi ya gazeti ni finyu na sijawahi kujifunza lolote kuhusu bajeti ya nchi kutokana na jibu lake.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi