Barua ya wazi kwa vijana mnaomkimbilia mtu aliyeanguka

Wanangu,

Mtu akianguka ghafla, ninyi ndio mnaofika kwanza, na mara nyingi mnampa ugonjwa kabla hajamwona daktari. Akitikisika kidogo tu, mmeshasema ana kifafa. Nimeuguza watu miaka mingi, na ombi langu ni kwamba mtazame kwanza. Aliyezimia hawezi kusimulia kilichompata. Ninyi ndio mashahidi wake.

Je, alikuwa amesimama muda mrefu kwenye joto, au ameona damu, akalalamika kizunguzungu na kutokwa jasho? Huenda presha imeshuka ghafla, ubongo ukapungukiwa damu. Mlazeni chali, mwinueni miguu. Kwa kawaida huzinduka upesi. Hata huyu anaweza kurukaruka viungo kwa sekunde chache, na hapo ndipo mnapobabaika. Mwenye kifafa mara nyingi hukakamaa, kisha hutikisika dakika 1 hadi 3, na akizinduka hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Msimkandamize wala msimtie kijiko mdomoni (sijui nani aliwafundisha ukatili huo). Zikipita dakika 5 bado anatikisika, hiyo ni dharura.

Anayenitia hofu zaidi ni kijana anayezimia katikati ya mbio, bila dalili yoyote, akazinduka, akacheka, akataka kurudi uwanjani. Msimruhusu, hata akikasirika. Huenda misuli ya moyo wake imenenepa, au umeme unaoongoza mapigo ya moyo wake una hitilafu. Apimwe moyo, na aulizwe kama kwenye ukoo wao kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, sukari ikishuka, hutetemeka, hulowa jasho na huropoka hata mkadhani amelewa. Akiwa anameza vizuri, mpeni kitu chenye sukari. Akishapoteza fahamu, msimtie chochote mdomoni. Kama anapumua, mlazeni ubavu, mwite msaada.

Asiyepumua, au anayetweta kwa kukatakata kama anayekata roho, mbonyezeni kwa nguvu katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Mmoja wenu aangalie saa tangu mwanzo. Anayeweza, arekodi video fupi ya mtikisiko ili daktari aione. Daktari peke yake, jamani. Nikiikuta kwenye makundi ya simu, tutakosana.

Mzee wenu, muuguzi mstaafu