Darubini uani: jibu kwa jirani yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu swali ambalo jirani yangu aliniuliza mbele ya watu, nami siku hiyo sikulijibu ipasavyo. Aliniona nikiitoa darubini yangu uani jioni moja ya mwezi Juni, akasimama mlangoni akasema: "Mwalimu, fedha za chombo hiki zingetosha mbuzi wanne, na leo wangekuwa wamekwisha kuzaa. Hiki kinakupa nini?" Hakuuliza kwa dharau. Ni mtu mwema na swali lake ni la haki, kwa kuwa hapa kwetu Singida, kama ilivyo mahali pengi, shilingi ina kazi nyingi kabla haijafika kwenye mambo ya nyota. Nimelifikiri kwa miezi kadhaa, na jibu langu ni kwamba kaya yenye ua, ambayo chakula na ada za watoto si tatizo tena, ina sababu nzuri za kununua darubini kabla ya kubadilisha televisheni iliyopo kwa nyingine iliyo kubwa zaidi.

Nianze na mahali tulipo, maana wengi wetu hatujui kwamba tumejaliwa. Singida iko takriban nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yetu katika mwaka mmoja. Msomaji atoke nje usiku wa katikati ya Mei, yapata saa tatu, aelekee kusini: ataona Msalaba wa Kusini umesimama wima. Kisha ageuke kaskazini bila kuondoka alipo, naye ataona nyota saba za Dubu Mkubwa zikiwa zimeinama upande wa pili, kana kwamba makundi hayo mawili yanatazamana. Mkazi wa London hauoni Msalaba huo maisha yake yote asiposafiri. Wala haoni Omega Centauri, fungu la mamilioni ya nyota ambalo kwa macho matupu huonekana kama nyota moja yenye ukungu, lakini ndani ya darubini yenye kioo cha milimita 114 hutawanyika likawa kama punje za uwele zilizomwagwa juu ya kaniki. Nuru ya nyota hizo ilianza safari yake miaka ipatayo 17,000 iliyopita, nasi tunaipokea tukiwa tumeketi kwenye kigoda, ng'ombe wakicheua zizini. Zaidi ya hayo, tangu Juni hadi Oktoba sisi wa kanda ya kati hupata usiku baada ya usiku usio na wingu, na taa za mji wetu bado si nyingi kiasi cha kuifuta Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru hafifu unaokatiza anga, kama ilivyokwisha kufutika kwa mtu wa Kariakoo.

Wapo wanaosema kwamba kutazama nyota ni mambo ya kigeni. Hili linaniuma, kwa sababu lugha yetu yenyewe inawakanusha. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yamekuwa majina ya Kiswahili ya sayari tangu zama ambazo manahodha wa pwani walisafiri kwa kufuata nyota, na lile fungu dogo la nyota liitwalo Kilimia lilipata jina lake kutokana na kulima, kwa kuwa wakulima waliliangalia ili wajue majira. Wazee walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Bibi yangu alikuwa akihesabu nyota sita katika Kilimia, na mimi kwa macho yangu ya uzeeni huziona tano. Katika darubini, kwa ukuzaji mdogo kabisa, nahesabu makumi kadhaa kabla sijachoka. Sioni ugeni wowote katika kukiangalia kwa karibu kitu ambacho babu zetu walikiangalia kwa mbali. Niongeze hapa, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi, kwamba darubini ni chombo cha elimu ya falaki, wala haihusiani na unajimu wa kutabiri ndoa na kazi. Waliokuja kwangu kutafuta nyota zao za bahati niliwaonyesha mwezi, wakaenda zao wameridhika.

Ama kuhusu watoto, nilifundisha Jiografia kwa miaka mingi, nami nakiri kwamba niliwakaririsha wanafunzi wangu majina ya sayari nane bila kuwaonyesha hata moja. Walifaulu mtihani, lakini ukiwauliza ile nyota kubwa nyeupe ya jioni ni nini, hawakujua kwamba ndiyo ile Zuhura waliyoiandika. Mjukuu wangu wa darasa la sita amesoma kwa njia nyingine. Mshtarii ilipokuwa juu jioni nilimpa daftari na penseli, nikamwambia achore anachokiona na asiniulize kitu. Usiku wa kwanza alichora duara dogo lenye nukta nne zilizopangana kwenye mstari mmoja, usiku wa pili nukta zikawa zimehama, na usiku wa tatu moja ilikuwa haipo kabisa. Usiku wa tano aliniambia kwamba nukta hizo zinaizunguka sayari, na kwamba iliyo karibu zaidi ina haraka kuliko nyingine. Hakusoma popote kwamba mwezi wa Mshtarii uitwao Io humaliza mzunguko wake kwa saa zipatazo 42, wala kwamba Galileo, mtaalamu wa falaki wa Italia, alianza kuiona miezi hiyo tarehe 7 Januari 1610 na kwa kuifuatilia akapata ushahidi kwamba si kila kitu angani kinaizunguka dunia. Alifika mwenyewe palepale kwa macho yake, na tangu hapo akiambiwa jambo darasani huuliza limejulikanaje. Sijui ningepata wapi kitabu cha kumfundisha hivyo.

Jirani yangu naye alitazama. Nilimwonyesha mwezi ukiwa na siku saba, kwa kuwa mwezi mpevu, kinyume cha wanavyodhani wengi, ndio mbaya zaidi kuutazama: jua huupiga usoni na vivuli vyote hupotea. Mwezi wa siku saba una mstari unaotenganisha mchana wake na usiku wake, na kwenye mstari huo kila shimo hujaa kivuli na kila kilele hushika nuru ya alfajiri kabla bonde lililo chini yake halijaipata. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kumwita mama yake. Bibi huyo ana zaidi ya miaka themanini. Tulimsaidia kuketi, tukaishusha darubini hadi kimo chake. Alisema ameuona mwezi ukiandama maisha yake yote, ameufungia saumu na kuufungulia, na hakuwahi kuambiwa kwamba una milima. Tangu siku hiyo swali la mbuzi halijarudi, lakini naona bado anastahili jibu kamili, ndiyo maana naandika.

Wengine hudhani kwamba darubini ndogo ya nyumbani ni ya kujifurahisha tu na kwamba elimu ya kweli hutoka kwenye vituo vikubwa. Tarehe 13 Machi 1781 William Herschel, aliyekuwa akijipatia riziki kwa muziki katika mji wa Bath nchini Uingereza, aligundua sayari ya Uranusi akiwa katika bustani ya nyumba yake, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe yenye kioo cha upana wa takriban milimita 160. Na hapa Afrika, John Bennett wa Pretoria, ambaye hakuajiriwa kutazama nyota, alikuwa na darubini yenye lenzi ya milimita 125 hivi. Kwa darubini hiyo aligundua nyota iliyolipuka katika galaksi nyingine, yaani kundi kubwa la nyota lililo mbali na letu, mwaka 1968, na mwishoni mwa Desemba 1969 akaigundua nyotamkia yenye jina lake, iliyong'aa mwaka uliofuata hata watu wakaiona bila chombo chochote. Sisemi kwamba kila mnunuzi atagundua sayari. Nasema kwamba vipimo vya vyombo hivyo havipishani sana na vya darubini ambayo mwalimu au mfanyabiashara mdogo anaweza kuinunua leo.

Kwa atakayeamua kununua, nina neno moja la tahadhari nililolilipia. Darubini yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja mjini baada ya kusoma kwenye boksi kwamba inakuza mara 525. Miguu yake ilikuwa myembamba hata ukiigusa nyota inaruka, na picha yake kwa ukuzaji huo ilikuwa ukungu mtupu. Nilikuwa sijajua kwamba kinachopimwa kwanza ni upana wa kioo au lenzi kuu, si ukuzaji. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7. Kioo cha milimita 114 hukusanya nuru zaidi ya mara 250 ya jicho hilo, na hiyo ndiyo kazi yake hasa. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi ya darubini, yaani umbali kutoka kioo au lenzi kuu hadi pale nuru inapokutana, kwa ule wa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia: darubini yenye fokasi ya milimita 900 na lenzi ya milimita 25 hukuza mara 36, na ukiweka lenzi ya milimita 10 hukuza mara 90, kiasi kinachotosha kabisa kuziona pete za Zohali. Pete hizo mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka, hivyo anayenunua sasa ananunua kwa wakati mzuri. Kioo kikipata vumbi kisifutwe kwa kanga wala leso, kwa sababu vumbi dogo halidhuru na mkwaruzo haufutiki. Asiyeweza gharama hiyo anunue darubini ya macho mawili, ya kushika mkononi. Kilimia na mashimo makubwa ya mwezi vitamtosha kwa muda mrefu.

Kuhusu jua, nasema kwa msisitizo wote nilio nao. Nilikuwa Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete, nikaona watu wakilitazama kwa vipande vya vioo na kwa macho matupu. Kulitazama jua kwa darubini isiyo na kinga ni kupoteza jicho kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kupepesa. Kinga sahihi hufunika mdomo wa mbele wa darubini. Kile kichujio kidogo kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho kitupwe, kwa kuwa hupasuka kwa joto. Mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana.

Ndugu Mhariri, gazeti lako huchapa kila siku hali ya hewa na saa za jua kuchomoza na kuzama. Naomba uongeze mistari mitatu tu kila Jumamosi: mwezi una siku ngapi, sayari zipi zinaonekana jioni na upande gani wa anga, na kama kuna kupatwa kwa jua au mwezi karibuni. Mimi niko tayari kuiandika mistari hiyo bila malipo na kuifikisha ofisini kwako kila Alhamisi. Na kwa wasomaji wa Singida, kwangu darubini hutoka nje kila Jumamosi isiyo na mawingu baada ya sala ya isha, na vigoda vipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Singida.