Barua ya wazi kwa Naibu Chansela: tunaomba ufunguo, si hafla

Mheshimiwa Profesa,

Mimi ni mfanyakazi wa maabara katika chuo unachokiongoza hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuosha vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, kwa mswaki, kuviandika namba kwa wino mweusi na kuvipanga kwenye droo. Kwa miaka mingi nimekuwa pia mwenye ufunguo wa kile chumba cha mwisho wa korido, ambamo kila Jumatano saa saba mchana watu wa akiolojia hukutana na vyakula vyao, mmoja akasimulia anachochimba huku wengine wakitafuna. Muhula huu ufunguo ulichukuliwa, na badala yake tukaletewa fomu.

Fomu nimeisoma mara tatu. Inataka mada ipelekwe majuma sita kabla, mzungumzaji awe na shahada ya uzamifu, wasikilizaji wajisajili, na utafiti uwe umekamilika. Tukitimiza hayo tutapewa ukumbi mkubwa, bango, na chai ya wageni. Sina shaka nia ni njema. Ila nahofia mtatusaidia mpaka tufe.

Acha nikueleze Jumatano moja. Binti wa shahada ya uzamili alileta vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa, alivyookota juu ya ardhi huko Bonde la Ufa. Alivitandaza juu ya gazeti, kando ya chapati na madondo ya mtu, akaeleza jinsi watu wa kale walivyovichonga makali. Nyuma alikaa mzee mmoja mstaafu aliyechekecha udongo wa machimbo tangu ujana wake. Akaomba kipande kimoja, akakigeuza kuelekea dirishani, kisha kingine, na kingine.

"Binti yangu," akasema, "ngozi ya jiwe imefifia, lakini huku penye makali panang'aa. Hili limevunjika juzi. Hapo ulipookota hapapiti trekta?"

Trekta lilikuwa likipita. Tulicheka, na binti naye akacheka, ingawa niliona mikono yake ikitetemeka alipokuwa akivirudisha kwenye bahasha. Alikuwa amebakiza miezi kadhaa kabla ya kuwasilisha tasnifu. Alirudi akavichambua vyote upya. Je, angevitandaza vipande vile mbele ya bango na wageni waheshimiwa? Na yule mzee, kwa masharti ya fomu, angeingia kama nani?

Hapo kwenye shahada ndipo fomu inaponiuma zaidi. Mwaka 1984, kando ya mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu, rangi yake ikikaribiana na ya kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho ndicho kilichoongoza kwenye mifupa ya yule kijana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, na mpaka leo ni miongoni mwa mifupa iliyokamilika zaidi ya binadamu wa kale hivyo. Kamoya hakusomea digrii yoyote. Alikuwa na macho. Angekuwa hai leo akaja kwetu na stori yake, fomu yenu ingemrudisha getini.

Halafu kuna lugha. Fomu haisemi chochote kuhusu lugha, lakini bango likishatundikwa, kila mtu hujikuta anazungumza Kiingereza cha mahafali. Jumatano tunachanganya. Mwaka 2021 ilipotangazwa habari ya kaburi la mtoto wa umri wa miaka miwili u nusu hadi mitatu huko Panga ya Saidi, Kilifi, lenye miaka ipatayo 78,000, wanafunzi wa bara walidhani "panga" ni lile la kufyekea. Mwenzetu wa pwani ndiye aliyetueleza kwamba kwao neno hilo ni pango. Kutoka hapo mazungumzo yakahamia kwenye kichwa cha yule mtoto, ambacho watafiti wanaona kililazwa juu ya kitu laini kilichooza zamani, mfano wa mto. Mama mmoja wa usafi, aliyekuwa ameingia kuchukua ndoo, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Hakujisajili popote.

Najua vyumba havitoshi na wanafunzi wa jioni ndio wanaolipa. Lakini saa saba chumba kile hukaa kitupu. Nimekipitia Jumatano nne mfululizo, viti vimepandanishwa, taa imezimwa. Olorgesailie, eneo la mabaki ya watu wa kale lililo mwendo mfupi tu kutoka hapa kwa barabara ya Magadi ukishapita Kiserian, kuna obsidiani iliyobebwa na watu zaidi ya miaka 295,000 iliyopita, nyingine kutoka kilomita zinazokaribia 90, kwa miguu. Sisi tumeshindwa na korido.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Turudishiwe ufunguo kuanzia saa saba hadi saa nane, Jumatano pekee. Chai tutakuja nayo kwenye chupa zetu. Viti tutavirudisha vilivyokuwa na makombo tutafagia. Projekta ikikosekana si neno, kuna ukuta mweupe na kuna mikono. Kama lazima pawe na karatasi ya kujaza, nitaijaza mimi mara moja kwa muhula, nikiandika jina langu kama mtu wa kulaumiwa kukiharibika kitu.

Wiki ijayo ni zamu ya kijana anayeshughulikia vigae vya pwani. Ana wasiwasi kwamba amevipanga kwa miaka kinyume, vya juu chini na vya chini juu, na anataka kuulizwa maswali kabla msimamizi wake hajagundua. Vigae viko kwangu maabara, ndani ya mkebe wa siagi, vimeshaoshwa.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi wa maabara