Risala ya Wanafunzi wa Fizikia ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri wetu,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza. Tulipoambiwa kwamba umefanya kazi ya mawasiliano ya redio kwa miaka mingi tulifurahi sana, kwa sababu mawimbi ya masafa mafupi uliyoyashughulikia huakisiwa na kitu kile kile tunachokichunguza sisi kwenye kompyuta, yaani plazma.

Gesi ikipata nishati ya kutosha, elektroni hubanduka kwenye atomi zake, na gesi ile hugeuka kuwa mchanganyiko wa elektroni na ioni, yaani atomi zilizopoteza elektroni, zinazovutana na kusukumana. Irving Langmuir ndiye aliyeipa jina la plazma mwaka 1928. Jua ni plazma, radi ni plazma, na tao la umeme la fundi wa kuchomelea vyuma ni plazma. Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita 60 hivi kwenda juu, lipo tabaka la anga liitwalo ionosfia, ambako mchana meta moja ya ujazo inaweza kuwa na elektroni zipatazo trilioni moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugumu wote unaanzia hapo. Kila elektroni inazigusa nyingine zote kwa kani ya umeme. Chembe milioni moja tu zina jozi karibu nusu trilioni, na jozi hizo zingepaswa kuhesabiwa upya kwa kila kipande kidogo cha sekunde. Hakuna kompyuta itakayomaliza hesabu hiyo kwa plazma halisi. Mbinu tunayojifunza, inayoitwa mbinu ya chembe katika seli, inautatua ugumu huo kwa hatua mbili ambazo sisi tunaziona ni nzuri mno.

Hatua ya kwanza ni uwakilishi. Badala ya kufuata kila elektroni, kompyuta hufuata chembe kubwa moja inayosimama kwa niaba ya mamilioni, kama balozi wa nyumba kumi anavyokwenda kikaoni kwa niaba ya kaya zake. Uwakilishi huu ni wa haki kwa sababu chaji na tungamo la chembe kubwa huongezwa kwa kipimo kimoja. Uwiano wake unabaki ule ule wa elektroni moja, kwa hiyo ndani ya uga ule ule chembe hiyo hupita njia ile ile ambayo elektroni halisi ingepita.

Hatua ya pili ni gridi. Nafasi yote hugawanywa seli ndogondogo. Chembe hazizungumzi zenyewe kwa zenyewe. Kila moja huweka chaji yake na mkondo wake kwenye nukta za gridi zilizo jirani, kompyuta hutatua milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni za umeme na sumaku, kwenye nukta hizo, kisha uga unaopatikana hurudishwa mahali chembe ilipo ili kuisukuma mbele kidogo. Baada ya hapo mzunguko unaanza upya, maelfu kwa maelfu ya mara. Kazi iliyokuwa ikikua kwa mraba wa idadi ya chembe sasa inakua karibu sambamba na idadi yenyewe.

Ndani ya mzunguko huo kuna kazi za watu tunaowaheshimu. Kane Yee alionesha mwaka 1966 namna ya kupanga uga wa umeme na uga wa sumaku kwenye gridi kwa kupishanisha nukta zake, na mpangilio wake unatumika hadi leo. Mwaka 1970 Jay Boris alitoa njia ya kusukuma chembe: nusu ya msukumo wa umeme kwanza, kisha kuizungusha kasi kwa sumaku, kisha nusu iliyobaki. Sumaku halisi haiongezi nishati ya chembe, hugeuza mwelekeo tu, na njia ya Boris inaitii kanuni hiyo. Tulipoiandika wenyewe kwa lugha ya kompyuta ya Python, mistari yake haikujaza hata ukurasa mmoja.

Lakini mbinu hii ina masharti, na hapa ndipo tunapotumia muda wetu mwingi. Seli haipaswi kuzidi sana urefu wa Debye, yaani umbali ambao plazma huchukua kuificha chaji moja isionekane na nyingine. Katika ionosfia tuliyoitaja, urefu huo ni milimita 2 hivi. Hatua ya muda nayo lazima iwe fupi kuliko mtikisiko wa elektroni, ambao kwa msongamano ule hutokea mara milioni 9 kwa sekunde. Seli zikiwa kubwa mno, chembe hupata joto ambalo halina chanzo chochote katika maumbile, limezaliwa na gridi yenyewe. Mchoro utatoka wa kupendeza, na utakuwa uongo. Kwa sababu hiyo kikundi chetu hakipokei mchoro wa mwanachama yeyote usioambatana na grafu ya jumla ya nishati, maana joto hilo la uongo huonekana hapo. Tunaona hii ni amana ya kisayansi, na tunaishika kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbinu hii haikuzaliwa kwenye mashine kubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Oscar Buneman alikuwa Manchester pamoja na Douglas Hartree, wakikokotoa njia za elektroni ndani ya magnetroni, yaani vifaa vinavyozalisha mawimbi ya rada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Buneman na John Dawson, kila mmoja kwa upande wake, waliiga plazma ya mwelekeo mmoja kwa chembe mia kadhaa hadi elfu moja hivi. Simu iliyomo mfukoni mwa kila mmoja wetu ukumbini humu inazishinda mashine zao kwa mbali.

Jina la Buneman linatufikisha kwenye anga la Afrika. Kwenye kimo cha kilomita 100 hivi, mchana, mkondo mkali wa umeme hufuata ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku wa dunia hulala mlalo, ambao kwa upande wetu hupita Ethiopia. Elektroni zikipita ioni kwa kasi inayozidi kiwango fulani, huzuka mawimbi ya meta chache yanayoonekana kwenye rada. Mwaka 1963 Farley na Buneman, kila mmoja peke yake, walieleza chanzo chake, na leo mawimbi hayo huigwa kwa chembe katika seli. Mapovu ya plazma yanayovuruga GPS baada ya jua kuzama ni suala jingine. Hayo yana upana wa makumi ya kilomita, na mbinu yetu haiyafikii.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kutazama anga kwa eksirei. Iligundua nyota za nyutroni, yaani mabaki mazito ya nyota kubwa zilizolipuka, zinazotoa miale kwa mapigo, na plazma inayozizunguka nyota za aina hiyo sasa inachunguzwa kwa mbinu hii hii.

Kazi tutakayokuonesha leo ni mikondo miwili ya elektroni inayopishana. Mtikisiko mdogo hukua wenyewe hadi mikondo ikajisokota kama vimbunga kwenye grafu ya mahali na kasi ya chembe. Nadharia inasema ukuaji wa kasi zaidi ni 0.35 ya masafa ya plazma, yaani kasi ya mtikisiko wa elektroni ikipimwa kwa radiani kwa sekunde, na grafu yetu imewekwa kando ya mstari huo ili uilinganishe kwa macho yako.

Tunayo maombi. Chembe moja katika nafasi ya pande tatu huhitaji namba saba za baiti nane kila moja, yaani baiti 56. Gridi ya seli 100 kila upande, yenye chembe 100 kwa seli, inameza GB 5.6, na kompyuta mpakato zetu zinaishia hapo. Gridi ya seli 200 kila upande inataka karibu GB 45. Kupunguza chembe si suluhisho, kwa kuwa ili kelele ya hesabu ipungue nusu, chembe lazima ziwe mara nne. Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata kompyuta moja yenye kumbukumbu ya kutosha na kadi ya michoro, pamoja na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ya usiku kucha tunaanza upya. Programu hatuombi. WarpX, programu ya mbinu hii iliyotwaa Tuzo ya Gordon Bell ya kazi za kompyuta kubwa mwaka 2022, ni huria na tayari tumeipakua.

Kwa uongozi wa Idara, tunaomba mbinu hii iingizwe katika mazoezi ya maabara ya mwaka wa pili. Wanachama wetu wako tayari kuandaa mazoezi na kuwasaidia wahadhiri.

Baada ya risala hii tunakuomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ufike meza ya kwanza kushoto. Mikondo miwili iko tayari, inasubiri uianzishe.

Naomba kuwasilisha.