Somoe, kuhusu hiyo kazi ya Thailand

Somoe shoga angu,

Habari za Lindi? Huku Mikindani tupo salama, mama anakusalimia sana. Sauti zako za jana usiku nimezisikiliza zote, nikaona nikijibu kwa sauti na mimi ntasahau nusu ya mambo, bora niandike, soma taratibu na ukimaliza msomee na baba.

Kwanza nimefurahi, kweli kabisa. Toka tumemaliza chuo pale STEMMUCO, Mtwara, unafundisha kwa kujitolea, usaili umeenda, jina halijatoka, na bado kila asubuhi unaamka unaenda kusimama mbele ya kidato cha kwanza waliojaa mpaka mlangoni. Mtu wa hivyo akiniambia anataka kwenda kufundisha Kiingereza Thailand simkatishi tamaa hata kidogo, mana nimekaa kule na najua unaiweza. Kilichoninyima usingizi ni pale ajenti anaposema uende na viza ya utalii eti mengine yatabadilishwa hukohuko, na hela anayoitaka ipatikane kwa baba kuweka mikorosho rehani.

Hapo hapana, Somoe.

Iko hivi. Mwalimu mgeni anatakiwa aingie na viza inayoitwa Non-Immigrant B, na ili uipate, shule ndo inakutumia barua na makaratasi yake kabla hujapanda ndege. Ubalozi wao unaotuhudumia sisi uko Nairobi ila maombi siku hizi yanafanyika mtandaoni. Ukishafika, shule inakuombea kibali cha kazi, inakuombea na ruhusa ya muda kwenye baraza la walimu la kule, Khurusapha, na kila baada ya siku 90 unaripoti uhamiaji unapoishi. Usumbufu upo lakini ndo unaokulinda. Ukikutwa unafundisha bila kibali faini ni baht 5,000 mpaka 50,000 na unarudishwa kwenu, na anayekamatwa ni wewe, ajenti wala hayupo. Mtaa niliokuwa nakaa kulikuwa na dada mmoja Mkameruni, alikuja kwa utalii kwa ahadi hiyohiyo unayopewa wewe, kila viza ikikaribia kuisha anapanda basi hadi mpakani na Laos kugonga muhuri halafu anarudi, nauli yake mwenyewe, na shule ikimkata mshahara hana pa kwenda kulalamika mana kwenye vitabu vya serikali yeye sio mfanyakazi wa mtu. Alikuwa mwalimu mzuri kupita wengi wetu. Niliumia sana kwa ajili yake.

Na yeye ana nafuu. Mwaka 2025 watu maelfu walitolewa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni huko Myanmar, ng'ambo ya mto tu kutoka mji wa Mae Sot wa Thailand, walikuwemo Waethiopia, walikuwemo Wakenya. Wengi waliahidiwa kazi nzuri Bangkok, wakapokelewa eapoti na gari, wakaendeshwa mpaka mpakani. Sasa nisikilize, kwenye sauti yako umesema shule iko Bangkok. Shule gani? Jina lake nani? Kama ajenti hajakutajia jina ukaweza kupiga simu mwenyewe ukaongea na mtu wa pale, hiyo sio kazi, hata kama huyo ajenti ni ndugu wa jirani. Na muulize leseni yake, TaESA, wale wakala wa serikali wa huduma za ajira, watakwambia kama yupo kwenye orodha au la.

Kuhusu hela usijenge nyumba kichwani bado. Mishahara mikubwa wanayoitangaza ni ya watu wa Uingereza, Marekani, Australia na kadhalika, sisi tunawekwa fungu moja na Wafilipino, na utaombwa mtihani wa Kiingereza wa TOEIC, alama 600 kwenda juu hata kama umesoma kwa Kiingereza toka fomu wani. Mtu ana digrii ya ualimu na miaka kibao darasani analipwa chini ya kijana wa Kiingereza ambaye hajawahi kushika chaki, hilo linaniuma mpaka leo na sitaacha kulisema. Pia angalia mkataba ni wa miezi mingapi, mwaka wa masomo unaanza katikati ya Mei unaisha Machi, mikataba mingi ni ya miezi 10 yani likizo ile ndefu unakula akiba yako.

Ila ukienda kwa njia halali shoga angu, utaona mwalimu anavyoheshimiwa. Kuna siku wanaiita Wai Khru, mara nyingi inakuwa Juni. Watoto wanakuja kwa magoti toka nyuma ya ukumbi mpaka ulipokaa, wawiliwawili, wameshika sinia la maua waliyoyapanga wenyewe, kuna ua la bilinganya pale kwa ajili ya unyenyekevu, kuna majani ya ukoka kwa ajili ya uvumilivu, wanakupa mkononi halafu wanainamisha kichwa mpaka chini. Kuna kabinti kangu kalikuwa hakafungui mdomo darasani, siku hiyo kakaninong'oneza sentensi nzima ya Kiingereza bila kosa, nikalia mbele za watu. Watoto wa kule wanaogopa sana kukosea, kuandika wanaandika vizuri ila kuongea ni shida, na wewe ndo mwalimu wa kuimbisha, kuigiza, kumsimamisha aliyejificha nyuma mpaka aongee. Projekta utazikuta, ila hicho cha kwako hawana wengi. Usimshike mtoto kichwani tu, kule ni kumkosea adabu, na viatu unavua mlangoni.

Chakula halali kipo, Waislamu wapo wengi hasa kusini, lakini kazi za Pattani, Yala na Narathiwat ziache, kuna machafuko toka 2004. Hijabu waulize shule mapema wakujibu kwa maandishi.

Mwambie baba mikorosho asiiguse. Msimu huu korosho zikipita mnadani na chama cha ushirika (AMCOS) wakalipa, toa ya pasipoti, ripoti ya polisi na chanjo ya homa ya manjano, ile kadi wataidai ukitokea Tanzania. Vyeti tutavipeleka kugongwa muhuri Mambo ya Nje. Mkataba nitumie leo WhatsApp, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo. Shule zinafungwa wiki hii, Jumatatu nakuja Lindi na basi la kwanza, tukae wote tuwatafute hao watu wa shule kwa simu. Wao wapo mbele yetu masaa manne kwa hyo tupige kabla ya saa sita yetu, baada ya hapo ofisi zao zinaanza kufungwa.

Wako,
Zuhura